Pagne Nilificha Chini ya Mashini

Ngoja nikuulize kwanza: weye, ulishaka kuona mutoto ya muzungu, mweupe kama unga ya muhogo, anakaa ku ngazi analia juu ya pagne, sababu ya kitenge? Hapana, nijibu kweli. Si kulia juu ya bwana, si kulia juu ya examen. Juu ya pagne! Basi miye nilimuona, kwetu hapa Saint-Gilles, mu Bruxelles, ku ngazi ya pili, pale mbao inalialia ukikanyaga. Na kile kilimuliza, mpaka leo kinanichefua. Nikikuelezea utacheka pahali fulani, maana miye siwezi kuelezea kitu bila kuchekesha, njo vile Mungu aliniumba. Lakini usidanganyike na kicheko. Roho yangu ilichafuka, na haijatulia.

Bon. Ujue kwanza ni nani anasema. Miye ni mushonaji. Masomo niliishia ya tatu primaire, Lubumbashi. Baba alisema mwanamuke ya kujua kushona hawezi kulala njaa, na hakukosea. Hapa Bruxelles niko na kaduka kangu mu nyuma ya Galerie d'Ixelles, kati ya salon mbili ya misuko: mashini moya, kioo moya, kiti moya ya muntu ya kungojea. Batu banaingia "Maman, bonjour!" hata kama habana nguo ya kushona, banakuya kusikia habari tu, na miye siwanyimi. Kusoma barua kunanishinda kidogo. Lakini mwili ya muntu, nikimuona mara moya tu anashuka mu bus, ninajua kiuno, mabega, urefu, na kama amekula.

Ninaishi na mujukuu wangu, tangu binti yangu alipopata kazi ya kuangalia bazee kule Liège. Nyumba yetu ni ya zamani, ya zile balikata vipande-vipande kama mukate. Siye tuko juu. Chini kabisa kunakaa maman moya mubelge, anauzisha mikate ku boulangerie, na binti yake. Ule binti miye ninamuitaka mutoto ya chini. Alipanda ngazi yetu mara ya kwanza akiwa na miaka tatu, alifuata harufu ya sombe, majani ya muhogo. Mama yake anatoka ku kazi, anatafuta mutoto, anamukuta kwangu mikono mbili ndani ya bukari, ugali yetu.

"Madame, excusez-la!"

"Excuse ya nini? Acha amalize."

Kusema kweli, hakushuka tena. Alikulia mu jikoni yangu. Anasema Swahili yetu na makosa yetu yote. Siku moya Mutanzania mumoya alikuya ku duka kupunguza suruali, Swahili yake imenyooka kama shati ya kanisa ku dimanche. Mutoto ya chini akamujibu. Yule bwana akashika kichwa: "Bibi, huyu binti mmemharibu kabisa!" Nilicheka mpaka sindano ikanichoma.

Alors, batoto bote mbili bakaingia université, mwaka moya, tram moya. Kule kuko vyama ya babinti. Unaingia, banakuita dada, banakusaidia masomo, ukimaliza banakutafutia kazi, ni vile mpaka unazeeka. Nikasema: ah, ni kama mutualité yetu ya bamaman, chama yetu ya kusaidiana. Mujukuu akasema: "Voilà, nkambo." Nkambo njo bibi, kwetu.

Wakaenda ku kile chama kikubwa, chama ya kofia. Babinti yake banavaa kofia na kitu kirefu mbele, kama mudomo ya bata, banajaza madude ya chuma juu yake, ikipita unasikia kama mbuzi ya kengele. Nikauliza: "Beusi bako?"

"Bako mbili," mujukuu akajibu.

"Na weye utakuwa wa tatu," mutoto ya chini akamuambia. "Miye nitakuwa wa mia. Nani ataonekana?"

Tulicheka, siye batatu, ku meza.

Mbele ya kukuingiza, bale banakuchafua. Ni desturi yao. Mayayi mabichi, unga, bière, maji ya samaki. Desturi ya bengine haiombi ruhusa yangu. Basi samedi moya, jumamosi, mangaribi, ninageuza bukari, nikasikia ngazi inalia. Harufu njo ilitangulia. Mama yangu! Miye ninapikaka bitoyo, samaki ya chumvi, majirani banafunga madirisha, sitishwi na samaki. Lakini ile ilikuwa kitu kingine, ilioza mara mbili. Nikafungua mulango. Mujukuu wangu alikuwa mbele: mweupe, unga toka kichwa mpaka viatu. Nyuma yake mutoto ya chini: mweusi. Mweusi, ninakuambia! Balimupaka rangi uso muzima, na midomo nyekundu, kubwa, mpaka hapa.

Nilicheka. Mungu anisamehe. Nilifikiri ni muchezo, balibadilishana ngozi.

Mujukuu hakucheka. Alisimama pale, unga inamwangukia ku bega.

"Nkambo, balifanya théâtre. Ya Afrika. Bakubwa yao balikaa ku viti, njo bamadame. Bale bapya bote balipakwa nyeusi, babebe mizigo yao. Miye balinipatia pepeo ya majani nibapepee. Nikauliza, rangi yangu iko wapi? Banasema, wee uko tayari."

"Banasema nini?"

"Toi, t'es déjà prête. Na bote bakacheka. Nikatupa pepeo chini. Bon, banasema, kama hautaki kuwa mweusi, chukua hii. Na bakanimwagia unga, mufuko muzima."

Nikamuangalia ule mwengine, mutoto ya chini.

"Nkambo, miye niliacha banipake," akasema. "Nilifikiri ni uchafu tu, kama mayayi. Nilipojiona mu dirisha njo nikaelewa."

Mutoto ya chini njo alimushika mwenzake mukono, akamutoa mule, bakapanda tram vile vile, na batu bakaangalia, na ule mweupe ya unga na ule mweusi ya rangi habakuachana mikono mpaka ku mulango yangu. Hicho ukumbuke, nitakirudia.

Mujukuu nilimutia mu maji. Mutoto ya chini nilimukalisha ku kiti ya jikoni, nikachukua mafuta ya mawese, maana sabuni ilishindwa. Rangi iliingia mu masikio, mu kope, mu mizizi ya nywele. Nilisugua mpaka akawa mwekundu kama nyanya. Nilishaka kuosha maiti, nilishaka kuosha bagonjwa, mikono yangu haiogopi. Lakini bitambaa bile nilimusugulia sikubifua. Nilibitupa mu poubelle ya inje, mbali, karibu na gare ya train. Sikutaka bilale kwangu.

Bon. Sasa, kuko chama kingine, ya babinti ya kwetu: Congo, Burundi, Cameroun, bote pamoja. Bale habavae kofia. Kila mwaka banachagua pagne moya, banashonesha bote sawasawa. Hiyo ni desturi yetu siye bamaman, balituiga. Chama ikikupatia pagne yake, weye ni muntu yetu: ukizaa tunakuya na masufuria, ukifiwa tunakaa na weye chini ku mukeka. Hauko na pagne? Weye ni mugeni, hata ukuye kila dimanche na gâteau. Na nani anabashoneaka ile pagne? Ni miye.

Batoto bakaandikisha majina yabo kule, bote mbili. Nilifurahi. Nilisema: sasa watakuwa kwao.

Présidente yabo akakuya ku duka na muzigo. Ninamujua tangu alipokuwa mu tumbo, mama yake iko mu mutualité yetu. Akaweka pagne ku meza: buluu, na bandege ya manjano. Nzuri, siwezi kusema uongo. Na karatasi ya vipimo. Mujukuu wangu alikuwa pale ananifungulia mafundo ya uzi. Nikamuambia anisomee. Akasoma majina, miye ninahesabu na vidole. Vingt-trois, ishirini na tatu.

"Soma tena. Uliruka moya."

"Sikuruka, nkambo."

"Na mutoto ya chini?"

Akaangalia uzi yake.

Présidente akasogeza kiti. "Maman, ule hatutamushonea."

"Juu ya nini? Pagne ilipunguka?"

"Pagne iko. Maman, unielewe. Kwengine kote ni kwabo. Huku njo pahali pamoya tu siye tunapumua. Akiingia yeye, kesho analeta rafiki yake, keshokutwa siye njo tunaomba kiti."

"Ule anakula bukari kukushinda weye. Weye ulikula sombe yangu na fourchette, ile uma ya bazungu, ku ndoa ya dada yako, nilikuona!"

Babinti ya misuko, upande ya pili ya kioo, bakapasuka kicheko. "Maman, umumalize!" Présidente naye akacheka kidogo, ana adabu. Kisha akatoa telefone.

"Na hii?"

Ilikuwa picha. Mutoto ya chini, uso mweusi, midomo nyekundu, na anacheka. Meno yote inje.

Unaona? Picha haisemi ni dakika gani. Haionyeshi dirisha, haionyeshi mukono. Ni muntu moya tu alikuwako, alijua kilichofuata. Na ule muntu alikuwa amekaa pale pembeni yangu. Niligeuka nikamungojea. Mujukuu wangu aliendelea kufungua fundo.

Hapo njo nilisikia ile harufu tena, kweli kweli, mu duka yangu safi.

Présidente akaenda. Nikafunga mulango.

"Na weye?"

"Nkambo, baliniambia ni yeye ao pagne. Nilichoka kuwa wa tatu. Kule kwa bale nilikuwa wa tatu. Hapa hakuna mutu ananihesabu."

"Ulimuambia?"

"Jana. Ku ngazi."

Nikarudi nyumbani, na njo nikamukuta mutoto ya chini pale ku mbao inayolia, magoti mu mudomo. Mutoto ile! Nikakaa pembeni yake, na kukaa kwangu siku hizi ni kazi.

"Nkambo, miye sikucheka," akasema. Akajipangusa macho. "Kweli, nilicheka. Kidogo. Mbele ya kujua."

Ninamupenda juu ya ile "kidogo". Mutu mukubwa angedanganya.

Na tangu siku ile, akipanda kwetu, anapiga hodi. Weye huelewi. Ule mutoto hakupigaka hodi miaka quinze, kumi na tano! Anagonga na kidole moya, kama muntu ya kupima gaz.

Basi présidente aliporudi kuangalia kazi, nilikuwa nimeshajaza mudomo. Nilimuambia: "Chukua pagne yenu. Miye sishoni uchafu. Mulikimbia bale ya kofia, mukaenda kujenga nyumba ile ile, rangi tu njo mulibadilisha. Ninyi batoto munanichefua!" Na mengine, sitayarudilia, kuko batu ya kanisa banasikiliza. Babinti ya misuko habakucheka tena.

Yeye aliniacha nimalize. Kisha akasema polepole, na heshima yake yote:

"Maman, na kilio ya papa ya Likasi?"

Nikakaa.

Ngoja, nikuambie. Hii sikuambiaka mutu. Zamani kidogo kulikuwa papa moya, muzee ya kwetu Likasi, alikufa hapa, Bruxelles. Muke yake alikuwa muzungu. Balioana miaka trente, thelathini. Ule mama alimulisha na kijiko, alimugeuza ku kitanda, alimuosha mpaka siku ya mwisho, hakukubali infirmière, muuguzi, amuguse. Siye bamaman ya mutualité tukachagua pagne ya kilio, ya matanga, rangi ya zambarau. Akakuya ku duka yangu. Aliniambia, na Swahili yake ya kuvunjika-vunjika: "Maman, miye nataka kukaa ku mukeka pamoja na ninyi."

Bamaman tulikuwa tumeshaongea. Tulisema muzungu hajui kukaa chini, atachoka, ataangalia saa, kilio yetu si kitu ya kuangalia. Balinituma miye nimujibu, juu miye njo niko na mudomo. Na miye na ule mudomo wote nilikosa nguvu ya kumuambia hapana. Nilimuambia pagne ilikwisha.

Haikukwisha. Kulibakia pagne nzima, yards sita, chini ya mashini, mu mufuko. Miguu yangu ilikuwa juu yake wakati ninasema. Ninaisikia mpaka leo, ulaini yake. Na ule mama akaniambia: "Merci, maman. Si kitu."

Merci! Siku tatu alikaa ku kiti ya plastique karibu na mulango, koti nyeusi, mukoba ku magoti, na siye chini ku mukeka, tumevaa sawasawa, tunagaragara, tunamulilia bwana yake. Bengine habakumujua hata jina lake yule papa. Bwana ni yake, kilio ni yetu.

"Nilikuwa na miaka kumi," présidente akasema. "Miye njo nilimupelekea maji."

Ungesema nini? Vingt-trois nilizishona zote, na ya mujukuu wangu ndani. Kila mushono nilijichukia miye, si batoto tena. Uchafu ulikuwa kwangu siku zote, mu mufuko, chini ya miguu. Nilizoea harufu.

Dimanche nikapika, nikaita bote mbili. Ule ya chini akapiga hodi yake. Bakakula macho mu sahani, kama ku meza ya bamasoeur ya kanisa. Nilipotoa masahani, nikaleta pagne ya buluu ya mujukuu, imepigwa pasi. Halafu nikaleta ule mufuko. Nikabaambia yote, vile ninakuambia weye, na bila kuchekesha. Nikamuambia mujukuu: "Yako iko hapa. Uvae ao uache, sikukatazi, na kuchoka kwako ninakuelewa. Lakini angalia miguu yako iko juu ya nini."

Jeudi, njo alhamisi, mujukuu akaenda ku mukutano yabo. Alirudi mbele ya chakula, akanielezea amesimama, na koti. Alibaambia kila kitu: pepeo, dirisha, mukono, tram nzima mukono haukuachana. Bakanyoosha mikono kuhesabu. Onze, kumi na moya, walisema mutoto ya chini aingie. Douze, kumi na mbili, wakakataa.

"Na weye ulikuwa mu onze?"

"Nkambo!"

"Ninauliza tu. Mara ya kwanza ulikuwa mu uzi."

Akacheka na machozi. Pagne yake aliikunja, akaiacha ku meza yao. Présidente alimuambia, mwaka ujao tutahesabu tena. Sasa yuko hana kofia, hana pagne. Ninasema kweli, nilimuonea huruma kuliko nilivyomuonea fahari.

Halafu miye na akili yangu ndogo nikafikiri nimepata dawa. Nikamuita mutoto ya chini ku duka, nikatandika ile zambarau ku meza, nikashika makasi: nitakata mbili, nibashonee sawasawa, tutakuwa chama yetu. Akaweka mukono yake juu ya pagne.

"Hapana, nkambo. Hii ni ya ule maman."

Makasi ilibakia juu, wazi, kama mudomo yangu.

Tukamutafuta. Mama ya présidente alijua: alihamia Namur, kwa dada yake. Tukapanda train siye batatu, miye na foulard yangu nzuri ya kichwa, mufuko ku magoti. Njia nzima nilikuwa ninapanga maneno, maneno matamu, unanijua. Akafungua mulango. Amezeeka. Alinitambua mara moya. Mu pahali ya maneno, nikamunyooshea mufuko.

Alitoa pagne kidogo, akaipapasa kati ya vidole, vile mushonaji anafanyaka. Akaangalia ukingo, haujakatwa hata kidogo.

"Ilikuwa hii," akasema.

"Ndiyo, maman."

Akaangalia babinti bote mbili, halafu miye. Nilingoja merci yake ile, niliiogopa. Hakuisema. Alibakia na mufuko, akafunga mulango, polepole, bila hasira. Hakutuambia tuingie, hakutupatia kiti, na hakukosea.

Mu train ya kurudi, tulikuwa tumeshaanza kuona nyumba ya Bruxelles. Mujukuu wangu alikuwa dirishani, mutoto ya chini mbele yake. Mujukuu akavuta mukono ya mwenzake, akaushika, kama siku ya unga na rangi. Kisha akaniangalia miye, akasema: "Nkambo, siku yako weye ikifika, huyu atakaa ku mukeka pamoja na miye, pagne moya. Na bamaman bakikataa, ninakuahidi, miye nitatoka ku mukeka yabo, nikae ku kiti karibu na mulango pembeni yake, tukulilie kule."